Madhabahu za Skyrim na Meza ya Bwana

Watoto wetu wa Kipaimara wanajua madhabahu nyingi kuliko tunavyodhani. Moja wanaiona kila Jumapili, imetandikwa kitambaa cha rangi ya majira ya kanisa, juu yake msalaba na mishumaa. Nyingine baadhi yao wanazikuta kwenye skrini ya kompyuta, wakiwa peke yao, usiku, nyumba nzima imelala. Katika mchezo uitwao Skyrim kijana hupanda mlima wenye theluji, akakuta jiwe lenye alama ya mungu fulani, akabonyeza kitufe, na papo hapo maandishi yakamjulisha kwamba amebarikiwa.

Mchezo huo si jambo dogo. Ulitoka tarehe 11 Novemba 2011, ukiwa sehemu kuu ya tano ya mfululizo wa The Elder Scrolls ulioanza mwaka 1994. Waliouunda ni Bethesda Game Studios ya Marekani, wakiongozwa na Todd Howard, na mamilioni ya watu duniani wameununua. Dunia yake, iitwayo Tamriel, ina falme, lugha, vitabu vya kubuni na dini zenye mapokeo marefu kuliko ya riwaya nyingi. Kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia, kwa kuuliza inasema nini juu ya Mungu, juu ya mwanadamu na juu ya sadaka.

Hatuandiki ili kuwatisha wazazi. Wapo wanaosema kila gemu yenye miungu imetoka kuzimu na dawa yake ni kuichoma moto. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike kupima mambo yote na kulishika lililo jema (1 Thes. 5:21), na kitu kilichogeuka majivu hakipimiki. Tunaomba basi tupime.

Hoja yetu ni hii. Masimulizi ya mchezo huu yanasema madhabahu ni mahali pa gharama. Utendaji wake unasema madhabahu ni mahali pa kuchota. Mambo hayo mawili yanapogongana, kijana huondoka na lile alilolitenda kwa kidole chake, wala si lile alilolisoma.

Miungu Tisa na mguso mmoja

Watu wa Tamriel wanaabudu Miungu Tisa. Arkay anasimamia kuzaliwa na kufa, Mara upendo, Stendarr rehema, Zenithar kazi na biashara, na wengine wana sehemu zao. Kila mmoja ana makuhani, maadili na vitabu vyake. Msomaji makini ataona kwamba waandishi walifanya kazi ya kweli. Mungu wa rehema hafanani na mungu wa biashara, na makuhani wao hawasemi kwa namna moja.

Lakini mchezaji akifika penye madhabahu, tofauti hizo karibu zote huyeyuka. Anagusa, anapona magonjwa yote, na anapata baraka inayodumu saa 8 za mchezo. Kwa Arkay anaongezewa afya kwa pointi 25. Kwa Zenithar anapata nafuu ya asilimia 10 katika bei anapouza na kununua. Kwa Stendarr, mungu wa rehema, ngao yake inazuia mapigo kwa asilimia 10 zaidi. Akienda kwa mungu mwingine, baraka mpya inaifuta ya zamani, kwa hiyo wachezaji hujifunza kupiga hesabu: leo naenda sokoni, nimguse Zenithar, kesho naenda vitani, nimguse Stendarr.

Tafakarini jambo hilo la rehema. Masimulizi yanatuambia Stendarr ni mungu wa kuwahurumia wanyonge. Mguso unatupa ngao imara. Anayegusa anaweza kuwa ametoka kumwibia mjane dakika tano zilizopita, au kuua mtu kwa kukodiwa, na jiwe halitamuuliza lolote. Hapo uandishi umeshindwa, na tunalisema kama wahakiki kabla hatujalisema kama wachungaji. Ukimjenga mungu kwa kurasa nyingi, kisha mtu akutane naye bila tabia ya mungu huyo kuonekana, kurasa zile zimebaki pambo.

Jiwe linalojibu kila mara

Mtetezi wa mchezo atasema kwamba hiyo ni njia rahisi tu ya kumponya mchezaji aliyeugua, asije akakwama. Tunakubali. Mtengeneza mchezo anahitaji kitufe, na kitufe lazima kifanye kazi kila kinapobonyezwa. Kisipojibu, mchezaji atadhani mashine imeharibika.

Ila hapo ndipo tofauti na Maandiko inapoonekana wazi kuliko popote. Mlimani Karmeli manabii wa Baali waliita tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakarukaruka na kujikatakata, na hakukuwa na sauti wala jibu (1 Fal. 18:26–29). Tunapokisoma kisa hicho tunamcheka Baali. Lakini Zaburi ya 13 na ya 22 zinatuonyesha kwamba hata mtu wa Mungu aliye hai huita, akangoja, na akalia kwamba hajibiwi. Mungu aliye nafsi anaweza kunyamaza. Kitufe hakiwezi. Kitu kinachojibu kila mara, kwa kiasi kilekile, bila kujali anayeita ni nani, hakijamsikia mtu. Kimewashwa tu.

Tena tuangalie mpangilio. Nuhu alijenga madhabahu baada ya kutoka safinani, akiwa ameshaokolewa (Mwa. 8:20). Abramu alijenga mahali ambapo Bwana alikuwa amemtokea (Mwa. 12:7). Katika Kutoka 20:24–26 Israeli wanaagizwa kujenga madhabahu ya udongo, au ya mawe yasiyochongwa, na ahadi ni kwamba Mungu mwenyewe atakuja mahali atakapolikumbusha jina lake. Katika habari hizi neema inatangulia na jiwe linafuata. Madhabahu ni jibu la mtu aliyekwisha kutembelewa. Katika Skyrim jiwe linatangulia, na neema inatoka ndani yake kama maji ya bomba.

Talos na wafu walio miguuni pake

Mungu wa tisa anaitwa Talos, na hapa waandishi wamefanya jambo la kuheshimiwa. Talos alikuwa mwanadamu, mfalme aliyeitwa Tiber Septim, aliyeinuliwa kuwa mungu. Baada ya vita kubwa, mapatano yaitwayo White-Gold Concordat yalipiga marufuku ibada yake, na mchezo unaanza miaka 26 baadaye. Katika hekalu la mji wa Solitude kuna nafasi tupu palipokuwa na madhabahu yake. Makachero wa Thalmor wanawasaka wanaomwomba kwa siri. Kuna mahali porini mchezaji anakuta sanamu ya Talos, na chini yake wamelala waabudu waliouawa.

Hakuna mahubiri yanayosikika pale. Kuna maiti na sanamu tu, na mchezaji anaelewa kwamba watu hawa waliijua hatari na walikuja hata hivyo. Mkristo aliyesoma habari za mashahidi wa kanisa la kwanza, au za mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo mwaka 1886, hawezi kupita hapo bila moyo kuguswa. Kwa muda mfupi mchezo umesema ukweli: kuna ibada inayomgharimu mtu uhai wake, na kuna watu wanaoona gharama hiyo inastahili.

Kisha mchezaji ananyoosha mkono, anagusa, na anapata alichopewa mungu huyu kugawa: muda wa kusubiri kati ya ukelele mmoja wa nguvu na mwingine unapungua kwa asilimia 20. Watu wa hadithi wamekufa kwa ajili ya jiwe hilo. Yeye anaruka maiti zao ili apate asilimia 20, na anaendelea na safari. Hatujui mahali pengine katika mchezo mzima ambapo masimulizi na utendaji vinatukanana waziwazi namna hii.

Kwa Mkristo kuna tofauti nyingine ya kuwafundisha vijana hapa. Talos ni mtu aliyepanda hadi akawa mungu. Injili inakwenda njia ya kinyume: Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu (Yn. 1:14). Anayeabudu mtu aliyepanda atajitahidi kupanda. Sisi tunamwabudu aliyeshuka.

Hija inayofuta hesabu

Mchezo uliotangulia Skyrim, Oblivion wa mwaka 2006, ulijaribu kuweka maadili katika jambo hili. Kila mchezaji ana hesabu mbili, ya sifa njema na ya sifa mbaya. Akisogelea madhabahu kanisani huku sifa mbaya imezidi, miungu inamnyima msaada. Angalau hapo jiwe linauliza swali.

Lakini swali lenyewe ni la mizani. Ukiwa na mema mengi kuliko mabaya, unapokelewa. Upande wa pili ukizidi, unafukuzwa. Nyongeza ya mchezo huo, Knights of the Nine, inatoa njia ya kutoka: mwenye dhambi ahiji, azifikie madhabahu zote tisa zilizo njiani, na hesabu yake ya sifa mbaya itarudi kuwa sifuri. Akichafuka tena, anazunguka tena.

Sisi Walutheri tunaijua njia hiyo, kwa sababu tulizaliwa tukiikataa. Mwaka 1517 Martin Luther aliandika hoja 95 dhidi ya uuzaji wa vyeti vya msamaha. Mwaka 1520, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani, alizikosoa pia hija zilizofundishwa kama kazi ya kumpendeza Mungu. Hakuchukia safari. Alichokipinga ni ile hesabu, yaani wazo kwamba mtu anaweza kutembea umbali wa kutosha hadi Mungu awe na deni kwake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 4, linafundisha kwamba tunahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Mwenye mizani hawezi kulala usingizi, maana hajui upande upi umezidi leo.

Rafiki kwenye nguzo ya Boethiah

Tamriel ina madhabahu nyingine, za Wakuu wa Daedra, wenye nguvu wasio wa wale Tisa. Ya kutisha kuliko zote katika Skyrim ni ya Boethiah, mkuu wa hila na usaliti. Ili kumwita, mchezaji anapewa kisu na agizo: mlete mtu anayekuamini, umshawishi aiguse nguzo ya sadaka. Anapoigusa ananaswa, na mchezaji anamuua kwa mkono wake.

Yule rafiki amesafiri naye. Amembebea mizigo, amepigana kando yake. Anakubali kuigusa nguzo kwa sababu ameombwa na mtu anayemwamini. Wachezaji wengi wanasimulia kwamba hapo walisita, na wengine wakaacha kabisa. Kama uhakiki tunasema hii ndiyo madhabahu iliyoandikwa kwa ukweli zaidi katika Skyrim, kwa sababu ndiyo inayotoza. Haitoi zawadi bure, wala haifichi kwamba sanamu zote mwishoni hula watu. Manabii walisema vivyo hivyo juu ya Moleki na bonde la mwana wa Hinomu (Yer. 32:35).

Wengine watauliza: je, Ibrahimu na Isaka? Pale pia kuna kisu, na kuna anayeaminiwa akifungwa juu ya kuni. Tofauti iko mwishoni. Katika Mwanzo 22 Mungu anauzuia mkono, na kondoo dume anaonekana kichakani, ametolewa na Mungu mwenyewe. Boethiah hauzuii mkono wa mtu. Anasubiri damu, kisha anazungumza kupitia maiti ya rafiki yako. Mzazi ambaye mtoto wake amefika mahali hapo katika mchezo ana nafasi nzuri ya kufungua Biblia naye, kuliko ya kumnyang'anya kompyuta.

Shamba la Kummu

Kwa haki ni lazima tutaje pia madhabahu moja iliyotupendeza. Iko katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, mahali paitwapo Mashamba ya Kummu. Inasimuliwa kwamba mungu-mtu Vivec alimkuta mkulima maskini ambaye mnyama wake wa kazi alikuwa amekufa, naye hakuweza kuvuna. Vivec akaingia shambani, akafanya kazi ya mnyama yule mpaka mavuno yakaisha. Anayehiji hapo haleti dhahabu. Analeta kidogo cha zao lile la matope.

Hapo sadaka inafanana na kisa. Mhujaji anashika alichoshika maskini. Ni kweli kwamba mchezo huohuo baadaye unaonyesha kuwa Vivec hakuzaliwa mungu, bali uungu wake ulipatikana kwa njia yenye mashaka. Hata hivyo waandishi wameonyesha kiu ambayo tunaitambua. Hata dunia ya kubuni inatamani mungu aingiaye matopeni badala ya mnyama. Wafilipi 2:5–8 inatuambia jina lake.

Madhabahu za kwetu

Mpaka hapa tumezungumzia skrini. Sasa tuzungumzie mabango ya mikutano katika miji yetu, maana neno madhabahu halijawahi kutajwa sana kama miaka hii. Tunasikia habari za madhabahu za ukoo, madhabahu za giza, madhabahu inayofunga kizazi. Tunasikia pia juu ya mbegu inayopandwa madhabahuni ili gari, cheo au visa vipatikane. Wapo washarika waliopeleka huko ada ya watoto, na waliorudi kwetu wakiwa na swali moja: nilikosea wapi, mbona haikujibu?

Swali hilo ni la kitufe. Aliyeuliza amefundishwa kwamba madhabahu ina nguvu yake yenyewe, kwamba yupo fundi ajuaye namna ya kuibonyeza, na kwamba isipojibu kosa ni la aliyegusa. Hatuwezi kumlaumu kijana kwa Skyrim huku tukiwa tumeiacha hesabu hiyohiyo iwaumize wazazi wake. Wala Walutheri tusijidhani tuko salama. Bahasha ya sadaka ikitolewa ili Mungu awe na deni, ni jiwe la Zenithar. Kushiriki Chakula cha Bwana kabla ya mtihani au safari, kisha kutoonekana tena hadi shida nyingine, ni baraka ya saa 8.

Simoni wa Samaria alitaka kununua nguvu ya Roho kwa fedha, na Petro alimkemea vikali (Mdo. 8:18–24). Aliyemkemea hakuwa amechukia sadaka. Alikataa kipawa cha Mungu kigeuzwe bidhaa.

Meza ya Bwana

Tunaposogea mbele ya madhabahu yetu Jumapili, hatutoi sadaka ya kumtuliza Mungu. Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba Kristo amejitoa mara moja, na inatosha (Ebr. 10:10–14). Tunakuja kupokea. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inafundisha kwamba anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno yanayomwambia kwamba mwili na damu ya Bwana vimetolewa kwa ajili yake. Hapimwi kwa mizani ya sifa njema, na wala haulizwi amezunguka madhabahu ngapi.

Lakini meza hii, tofauti na jiwe la Skyrim, inauliza swali. Bwana alisema mtu akikumbuka mbele ya madhabahu kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake palepale, aende kwanza akapatane naye (Mt. 5:23–24). Boethiah alidai rafiki aletwe ili auawe. Kristo anatuma mtu aondoke, amfuate ndugu aliyemkosea, kisha arudi. Na Wakorintho waliposhiba huku maskini wao wakikaa na njaa, Paulo aliwaambia kwamba hicho walichokuwa wakila hakikuwa chakula cha Bwana (1 Kor. 11:20–22). Kwenye meza hii haiwezekani kuruka walioanguka ili uchukue chako.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi na walimu wa Kipaimara. Mtoto akicheza Skyrim, keti naye jioni moja. Mwache akuonyeshe madhabahu hizo, maana anazijua kuliko wewe. Halafu muulize: huyu mungu anakujua? Amewahi kukukatalia? Amewahi kukutuma kwa mtu? Usiharakishe kujibu kwa niaba yake. Akimaliza, mweleze kuhusu Jumapili iliyopita: nani alipiga magoti kushoto kwako, nani kulia, na yuko nani katika usharika ambaye ninyi wawili mnapaswa kumwendea kabla ya Jumapili ijayo. Kisha mwende pamoja.